Saa 12 ya Nani? Matarajio na Mawasiliano katika Mafunzo ya Mtandaoni

Matini ya mada iliyowasilishwa katika kikao kazi cha wawezeshaji wa mafunzo ya watumishi kwa njia ya mtandao, ngazi ya Halmashauri.



Mwishoni mwa Januari 2013, chuo cha Georgia Tech cha nchini Marekani kilifungua kozi ya bure kupitia jukwaa la Coursera. Walijiandikisha zaidi ya watu 40,000. Kozi hiyo haikumaliza wiki yake ya kwanza. Washiriki waliagizwa wajigawe wenyewe katika vikundi kwa kuandika majina yao kwenye jedwali moja la mtandaoni. Jedwali hilo halikuundwa kuhimili mikono mingi kiasi hicho kwa wakati mmoja, likakwama. Wengine walifuta majina ya wenzao pasipo kukusudia, na hata waliofanikiwa kuingia katika vikundi wakalalamika kwamba hawakuelewa walichotakiwa kukifanya humo. Siku ya Jumamosi, tarehe 2 Februari, kozi ilisimamishwa. Somo lake lilikuwa nini? Lilikuwa misingi ya kupanga na kuendesha elimu kwa njia ya mtandao.

Kisa hicho kilichekwa sana wakati ule, na bado kinachekesha. Lakini hakikuletwa hapa kwa ajili ya kicheko. Kozi ile haikuanguka kwa sababu somo lilikuwa gumu, wala kwa sababu washiriki walikuwa wavivu. Iliangushwa na maelekezo, na jambo hilo linaweza kutokea katika kata yoyote ya Halmashauri hii, katika mafunzo ya watu 40, bila gazeti lolote kuandika habari zake.

Mafunzo ya watumishi yanaendelea kuhama kutoka ukumbini kwenda mtandaoni, na sababu zake zinaeleweka. Zahanati yenye watumishi wawili haiwezi kumtoa mmoja wao kwa wiki nzima bila nusu ya huduma kuondoka naye. Nauli na posho za kujikimu hugharimu fedha ambazo zingenunua vifaa. Walimu wamekwisha kuuzoea utaratibu huu kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo sehemu ya kujifunza hufanyika katika jumuiya za walimu shuleni na sehemu nyingine katika mfumo wa kielektroniki wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Idara nyingine zinafuata njia hiyo hiyo. Swali lililobaki ni namna ya kufundisha ili anayeanza amalize.

Maana wengi hawamalizi. Mwaka 2012, kozi ya kwanza ya MITx huko Marekani, iliyohusu saketi na elektroniki, iliandikisha watu wapatao 155,000. Waliotunukiwa cheti walikuwa kama 7,000. Ni haki kuongeza kwamba wengi wa wale waliopungua walijiandikisha kwa udadisi tu, kama mtu anayepita sokoni akashika kitambaa bila nia ya kununua. Mtumishi wa Halmashauri yuko katika hali nyingine. Hajiandikishi kwa udadisi. Ameteuliwa kwa barua. Akiacha katikati, ipo sababu, na mara nyingi sababu hiyo haimfikii mwezeshaji. Ukumbini, anayeondoka huonekana akiinuka. Mtandaoni hakuna kiti kinachobaki wazi.

Na hasara yake haiishii kwenye takwimu za mafunzo. Muuguzi aliyeishia moduli ya pili katika mafunzo ya utunzaji wa chanjo amekosa zaidi ya cheti. Jokofu la chanjo liko palepale alipoliacha, na mama anayempeleka mtoto kliniki hana namna ya kujua kwamba mhudumu aliye mbele yake hakuifikia moduli ya tatu.

Chumba cha darasa kina msaada mkubwa ambao walimu wengi huutumia bila kuutambua. Mwalimu akitoa agizo lenye utata, nyuso humweleza. Mmoja atakunja kipaji, mwingine atamgeukia jirani yake na kumnong'oneza, wa tatu atabaki ameshika kalamu bila kuandika. Mwalimu hurudia agizo kwa maneno mengine, na utata unakwisha kabla haujamdhuru mtu. Maelekezo mabovu ya darasani hurekebishwa mara kumi kwa siku kwa njia hii. Maelekezo mabovu ya mtandaoni hubaki vilevile yalivyoandikwa, yakisomwa usiku na mtu aliye peke yake, naye hana jirani wa kumnong'oneza. Michael G. Moore, mmoja wa wataalamu waliojenga nadharia ya elimu ya masafa, alishikilia kwamba umbali unaohesabika katika elimu ya namna hii si wa kilomita, bali ni ule wa kuelewana. Mtumishi aliye jengo la pili kutoka ofisi ya mwezeshaji anaweza kuwa mbali naye kuliko aliye kijiji cha mwisho kabisa mpakani.

Elimu ya masafa si jambo geni, na waliotangulia walilijua tatizo hili. Mwaka 1840, Isaac Pitman alianza kuwafundisha Waingereza hati mkato kwa njia ya posta. Mwanafunzi alipokea kadi, akafanya zoezi, akairudisha, kisha akapokea kazi yake ikiwa imesahihishwa. Kadi ile ya kwenda peke yake isingekuwa na tofauti na tangazo la biashara. Hapa nchini, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikisha elimu ya afya kwa takribani watu milioni 2, na chombo chake kikuu kilikuwa redio. Lakini redio haikuachwa isimame peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kitabu chake, wakati wake wa kukutana, na kiongozi aliyeandaliwa kuongoza majadiliano. Aliyeelewa vibaya alikuwa na mtu wa kumwuliza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kilifungua vituo mikoani kwa sababu hiyohiyo: mtu anayesoma akiwa mbali huhitaji mahali pa kupeleka swali. Tofauti ya leo ni kwamba teknolojia imeongeza kasi ya kadi ya kwenda. Kasi ya kadi ya kurudi bado iko mikononi mwa mwezeshaji.

Kazi ya kwanza basi hufanyika kabla ya siku ya kwanza. Kila mwananchi anayefika katika ofisi ya umma ana haki ya kuujua Mkataba wa Huduma kwa Mteja: huduma gani hutolewa, kwa muda gani, mteja anatakiwa kuja na nini, na akiwa na malalamiko ayapeleke wapi. Mafunzo ya mtandaoni yanahitaji waraka wa namna hiyo, wa ukurasa mmoja, uliotumwa kwa mshiriki walau wiki moja kabla. Ukurasa mmoja si lugha ya mapambo. Waraka wa kurasa 11 husomwa na aliyeuandika.

Waraka huo uanze na kile ambacho mshiriki ataweza kukifanya baada ya mafunzo, na kitajwe kwa kitenzi kinachoonekana. Kuandika kwamba mshiriki “atafahamu utunzaji wa kumbukumbu za kijiji” ni kuandika hewa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuthibitisha kama amefahamu au la. Kuandika kwamba mtendaji wa kijiji “ataweza kuandaa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji na kuusoma mbele ya wananchi” humpa picha ya kazi yenyewe, na yeye mwenyewe atajua siku atakapokuwa ameiweza. Useme pia ni saa ngapi kwa wiki zitakazohitajika, na hesabu iwe ya kweli. Wawezeshaji wengi huandika saa 2 kwa sababu saa 2 hazitishi. Mshiriki akigundua kwamba ni 6, hujiona mzito wa kuelewa, kumbe aliyekosea ni aliyekadiria.

Neno linalotumika vibaya kuliko yote katika nyaraka hizi ni “kushiriki kikamilifu”. Mshiriki ataambiwa kwamba alama 20 kati ya 100 ni za kushiriki kikamilifu, na hapo ndipo maelezo yanapokoma. Je, ni kuingia kwenye mfumo kila siku? Ni kuandika “Ahsante, Mwalimu” chini ya kila somo? Wako watumishi waungwana ambao hufanya hivyo hasa, wakiamini wametimiza wajibu. Ikiwa kinachotakiwa ni michango 2 kwa wiki, mmoja ukieleza namna jambo lilivyo katika kituo cha kazi cha mshiriki na mwingine ukimjibu mwenzake, basi na iandikwe hivyo. Vivyo hivyo kuhusu kusaidiana. Katika malezi ya watu wa hapa, kumwonesha mwenzako jibu ni utu, na kumnyima ni choyo. Kwa hiyo zoezi linalopaswa kufanywa na mtu mmoja peke yake litajwe waziwazi kuwa ni la mtu mmoja, na lile la kushirikiana nalo litajwe. Matumizi ya programu za akili mnemba yaingie katika sentensi hiyohiyo: yanaruhusiwa kwa zoezi lipi, na hayaruhusiwi kwa lipi. Kumwadhibu mtu kwa sheria ambayo hakuwahi kuisoma si haki, hata ikiwa sheria yenyewe ni nzuri.

Hakuna jambo linaloonekana dogo na kuleta madhara makubwa kama saa, nalo linastahili kukaliwa kwa muda. Mifumo ya kujifunzia imetengenezwa na watu ambao siku yao huanza saa sita usiku na ambao saa zao huhesabiwa kuanzia hapo. Msomaji wa Kiswahili ana saa zake, zinazofuata macheo na machweo. Mfumo ukionesha kwamba zoezi litafungwa saa 12:00, mshiriki mmoja atajua kwamba ni adhuhuri. Mwingine atasoma kama anavyosema kila siku, saa kumi na mbili jioni, akatoka kazini saa tisa na nusu, akakaa, akamaliza kazi yake vizuri, akaituma saa kumi na moja na kukuta dirisha limefungwa tangu mchana. Huyu hakuchelewa. Alisoma saa za kwao. Lakini mfumo utamwandika kuwa hakuwasilisha, na yeye, kwa aibu, huenda asiseme neno.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa mazoea ya Waswahili wa pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Jumamosi kwao ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi, ndio maana wasemaji makini hupenda kusema “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Kompyuta haina habari hizo. Agizo la “mwisho ni Jumamosi usiku” kwa watu 40 litazaa tafsiri mbili zilizopishana kwa saa 24. Aidha, mifumo mingi huhifadhi muda kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mpangilio wa ukanda wa saa usiporekebishwa, mwisho uliokusudiwa kuwa 23:59 utaonekana kwa mshiriki kuwa 20:59. Dawa yake ni sentensi moja isiyoona haya kurudia: “Mwisho wa kupokea kazi ni Ijumaa, tarehe 14 Novemba, saa 5:59 usiku, kabla ya kuingia Jumamosi, mfumo utaonesha 23:59.” Inachosha kuiandika. Lakini mara moja yatosha, kwani inaweza kunakiliwa kila wiki na kubadilishwa tarehe.

Yafaa pia kujiuliza kwa nini mwisho wa kazi huwekwa usiku wa manane. Ni desturi iliyokuja pamoja na mifumo. Mtumishi akikwama saa 5:40 usiku, nywila imekataa au faili haipandi, hakuna wa kumsaidia: mwezeshaji amelala na afisa wa TEHAMA amelala. Mwisho ukiwekwa Jumatatu saa 4 asubuhi, mshiriki amepata Jumamosi na Jumapili za kufanya kazi, na asubuhi ile ya mwisho ofisi ziko wazi na simu zinapokelewa. Badiliko hilo haligharimu shilingi.

Kuhusu bando, maneno machache yatatosha kwa kuwa kila mmoja analipia lake. Saa 1 ya mkutano wa video yaweza kumaliza megabaiti mia kadhaa. Maelezo hayohayo yakiandikwa na kuhifadhiwa kama PDF, au yakisemwa katika faili fupi la sauti, hutumia sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Waraka wa mafunzo utaje kwa kila somo kama ni la kusoma, la kusikiliza au la kutazama, na ni lipi lazima litazamwe mubashara. Kipindi cha mubashara kiwe na sababu: maswali, majadiliano, onyesho la kazi ya mikono. Kuwaita watu 40 kwenye video ili wasomewe slaidi ni kuwatoza kodi. Na kama Halmashauri haitarejesha gharama za bando, isemwe mapema, badala ya kuacha tumaini lielee hadi wiki ya tatu.

Sasa ifuate kadi ya kurudi. Arthur Chickering na Zelda Gamson, wataalamu wa elimu wa Marekani, walichapisha mwaka 1987 kanuni saba za ufundishaji bora wa vyuo, kabla ya kozi za mtandaoni kuenea. Miongoni mwake ni mawasiliano kati ya mwalimu na mwanafunzi, na mrejesho wa haraka. Mwezeshaji wa hapa, mwenye kazi nyingine ofisini, ataogopa neno “haraka”, na ana haki ya kuogopa. Ila mshiriki hahitaji kujibiwa dakika ileile. Anachohitaji ni kujua atajibiwa lini. “Maswali yatajibiwa Jumanne na Alhamisi, kati ya saa 8 na saa 10 alasiri” ni ahadi ndogo inayoweza kutunzwa. “Uliza wakati wowote” ni ahadi kubwa isiyotunzika, na ikivunjwa mara mbili, hakuna atakayeuliza mara ya tatu. Mwezeshaji akisafiri au akiitwa kwenye ukaguzi, atangulize taarifa ya mistari miwili. Kimya cha mwezeshaji hupewa maana mbaya zaidi kuliko ile aliyonayo.

Njia ya kuuliza iwe moja kwa kila aina ya swali. Yako mafunzo ambayo matangazo hutolewa kwenye mfumo, mabadiliko ya ratiba hutumwa WhatsApp, majibu ya maswali hutoka kwa barua pepe, na la dharura husemwa kwa simu kwa wale wachache ambao namba zao zinajulikana. Mshiriki mwaminifu hulazimika kupekua sehemu nne kila jioni. Kundi la WhatsApp lina manufaa yake, maana hufunguka hata pale mtandao ulipo dhaifu. Lakini tangazo la saa 3 asubuhi likifuatiwa na salamu, maua ya pole na video za kuchekesha, kufikia saa 7 mchana limezama. Ama kundi lifungwe ili wasimamizi pekee waweze kuandika, ama kila tangazo lihifadhiwe mahali pengine pamoja na tarehe yake, na washiriki waambiwe kwamba hapo ndipo penye neno la mwisho.

Kuna kizuizi kingine ambacho vitabu vya ng'ambo havikitaji, kwa kuwa waandishi wake hawakukaa katika kundi moja na mkuu wao wa idara. Mtendaji wa kijiji mwenye miaka 27 ameunganishwa kundi moja na afisa utumishi, wakuu wa idara wawili na mtendaji wa kata wake. Kila atakaloandika linasomwa na wanaomwandalia tathmini ya kazi. Je, ataandika kwamba hajaelewa tofauti ya stakabadhi na hati ya malipo? Hataandika. Atasubiri mwingine aulize, na mwingine naye anamsubiri yeye. Mwezeshaji atautazama ukimya huo na kudhani somo limeeleweka. Viongozi wanaotaka kufuatilia mafunzo wapelekewe taarifa ya kila wiki, na kundi la wanaojifunza libaki la wanaojifunza. Ikishindikana, iwepo njia ya kuuliza bila jina kutajwa, na mwezeshaji ajibu mbele ya wote kwa kusema “Limeulizwa swali zuri kuhusu stakabadhi”, pasipo kumtaja aliyeuliza. Na anayeamkia “Shikamoo, Mwalimu” kabla ya swali lake aitikiwe kwanza. Mtu asiyeitikiwa salamu haulizi tena.

Lugha ya maandishi haina sauti, na hilo huwaponza watu wenye nia njema. Mwezeshaji ambaye ana kwa ana ni mcheshi huandika kundini: “Kuna watu mpaka leo hawajatuma kazi. Tusije tukalaumiana.” Ukumbini angesema akitabasamu, na wangecheka. Kwenye simu ya mtumishi aliyekuwa akiuguza mtoto, maneno hayohayo ni barua ya onyo. Tena hayamwambii la kufanya. Ujumbe kwa mhusika mwenyewe, faraghani, ungesomeka hivi: “Habari za kazi. Zoezi la 2 halijaonekana kwenye mfumo. Kama ulilituma, nitumie picha ya skrini. Kama hujalituma, dirisha litafunguliwa tena hadi Jumatano saa 4 asubuhi. Kama kuna jambo limekukwamisha, sema.” Sentensi chache tu, na mtu amepewa njia tatu za kurudi darasani.

Mrejesho wa kazi nao ufuate mwendo huo. Alama 11 kati ya 20 peke yake haimfundishi mtu chochote isipokuwa huzuni. Mshiriki aelezwe kipi kimekaa sawa, kipi kimepungua, na akirekebishe vipi. Mwezeshaji mwenye kazi 40 za kusahihisha hana haja ya kuandika insha 40. Akikuta kosa lilelile katika kazi 25, ajue kwamba hilo limetokana na somo au swali lenyewe, alifundishe upya kwa wote. Matokeo yasibandikwe kundini kwa majina. Hiyo ni adabu ya kawaida, na sasa ni suala la kisheria pia, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za watumishi kama inavyohusu za wagonjwa na walipakodi. Kipindi cha mubashara kitakachorekodiwa kitangazwe hivyo kabla ya kuanza, na isemwe rekodi itatunzwa wapi na kwa muda gani.

Katika wiki ya kwanza na ya pili, kazi moja ipewe kipaumbele kuliko kusahihisha: kuwatafuta wasioonekana. Mfumo huonesha tarehe ambayo kila mshiriki aliingia mara ya mwisho. Asiyeingia kwa siku 5 apigiwe simu, si kutumiwa ujumbe, na swali la kwanza liwe kuhusu hali yake. Wengi watakuwa na sababu ndogo kiasi cha kushangaza. Nywila ilikataa siku ya kwanza naye akaona haya kusema, au simu yake haina nafasi ya programu, au alidhani mafunzo yataanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Sababu hizo huondolewa kwa dakika 10 za mazungumzo. Zikiachwa hadi wiki ya nne, haziondoki tena, kwa sababu wakati huo mshiriki amekwisha kujihesabu miongoni mwa walioshindwa.

Katikati ya mafunzo waulizwe maswali mawili tu, bila majina: ni jambo gani halieleweki kuhusu unachotakiwa kufanya, na ni jambo gani libadilishwe kabla hatujaendelea. Dodoso la mwisho wa mafunzo huwasaidia watakaokuja. Hili la katikati huwasaidia waliopo. Majibu yatangazwe, pamoja na yale yasiyowezekana na sababu zake.

Na mafunzo yakiisha, yafungwe. Washiriki waambiwe vyeti vitatoka lini na vitachukuliwa wapi, nyaraka zitapatikana kwenye mfumo hadi tarehe gani, na kundi litafungwa siku ipi. Wawezeshaji watakaoanza mzunguko ujao wanaombwa kuwasilisha rasimu ya waraka wao wa ukurasa mmoja kwa Afisa Utumishi siku 14 kabla ya tarehe ya kuanza. Rasimu hiyo isomwe kwanza na mtu mmoja ambaye hakushiriki kuiandaa, wala si wa idara husika, naye aulizwe aeleze kwa maneno yake kazi ya kwanza ni ipi na inafungwa lini. Akikosea, waraka urudi kwa mwandishi wake.